Blogu kwa Aliye Kazini: Anayeandika Ndiye Anayefunzwa Kwanza

Mwalimu, muuguzi, fundi umeme, afisa ugani na mhasibu wanalingana katika jambo moja: sehemu kubwa ya wanachokijua hawakukipata chuoni. Wamekipata kazini, kwa kujaribu, kukosea, kuuliza waliotangulia na kurudia. Hata hivyo, ujuzi huo ndio usioandikwa popote. Cheti cha chuo kimetundikwa ukutani na vyeti vya semina vimo kwenye faili, lakini yale aliyoyang'amua mtu katika mwaka wake wa saba wa kufundisha hisabati, au mwaka wa kumi wa kuhudumia wajawazito, yamo kichwani mwake peke yake. Akihamishwa, yanahama naye. Akistaafu, yanastaafu naye. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kuyaweka mbele ya macho yake, hawezi kusema kwa uhakika lipi kati ya hayo ni kweli iliyothibitika na lipi ni mazoea tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Hoja yangu ni kwamba blogu, yaani ukurasa wa mtandaoni ambapo mtu huchapisha maandishi yake mwenyewe kwa tarehe bila kupitia kwa mhariri wala mchapishaji, ni mojawapo ya njia bora na za bei nafuu ambazo mtaalamu wa kawaida anaweza kuzitumia kujiendeleza. Sisemi hivyo kwa sababu zile zinazotajwa mara nyingi: umaarufu, fedha za matangazo, wafuasi wengi. Hayo huwafikia wachache, na anayeyafukuzia huchoka kabla hayajafika. Nasema hivyo kwa sababu wa kwanza kufaidika na blogu ya kitaaluma ni yule anayeiandika, na faida yake huanza siku ile ile anapokaa kuandika, hata kama bado hajapata msomaji. Wasomaji huleta faida ya pili, na watu wasiomfahamu huleta ya tatu.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyozoeleka: kwamba blogu ni ya habari na burudani tu. Huduma ya Blogger, iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu za kompyuta kuchapisha mtandaoni, ilianza mwaka 1999. WordPress ikafuata mwaka 2003. Afrika Mashariki haikuchelewa. Ndesanjo Macha, Mtanzania, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuendesha blogu kwa Kiswahili, na mwaka 2005 mpigapicha wa habari Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu iliyopata wasomaji wengi nyumbani na ughaibuni. Blogu za namna hiyo zilifanikiwa kiasi kwamba hadi leo ukitaja blogu, wengi wanafikiria picha za matukio, habari za siasa, muziki na harusi. Ndiyo maana muuguzi au mhandisi huona kuwa hapo si mahali pake. Lakini chombo ni kile kile. Kinachotofautiana ni kinachowekwa ndani yake. Blogu ya kitaaluma haidai habari mpya kila saa. Inadai swali moja la kazi lililofikiriwa vizuri, na jibu ambalo mwandishi yuko tayari kulitetea.

Kuandika kunavyofundisha

Kwa nini kuandika kumfundishe mtu jambo ambalo tayari analijua? Kwa sababu kujua kwa mazoea na kujua kwa kueleza ni mambo mawili. Chukua mwalimu wa hisabati ambaye kila mwaka huona wanafunzi wakijumlisha nusu na theluthi, kisha wakaandika jibu kuwa mbili ya tano: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu mzoefu hulisahihisha kosa hilo kwa sekunde chache, akaendelea na somo. Lakini akikaa kuliandikia, sentensi ya pili tu inamdai sababu. Kwa nini wanafanya hivyo? Je, ni kwa kuwa wanaiona sehemu kama namba mbili zilizopangwa juu na chini, badala ya namba moja? Kama ndivyo, mbona hawashtuki kuona kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo? Hapo mwalimu amepata jambo la kujaribu kesho: kabla hajafundisha kanuni ya kulinganisha asili, awaombe wanafunzi wakadirie kama jibu litazidi nusu au halitafika. Hakuna semina iliyompa wazo hilo. Amelipata kwa sababu maandishi yamemlazimisha kueleza alichokuwa akikipita kila mwaka.

Wataalamu wa saikolojia ya kujifunza wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Baadhi ya vifungu walivisoma mara ya pili. Kwa vingine, badala ya kusoma tena, waliandika yote waliyoyakumbuka. Dakika tano baadaye kurudia kusoma kulionekana kufaa zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kwa vifungu walivyoviandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, na kwa vile walivyorudia kuvisoma asilimia 42. Mwaka 2014 John Nestojko na wenzake wakaonyesha kwamba watu walioambiwa kuwa watakuja kuwafundisha wengine kifungu wanachokisoma walikumbuka zaidi, na kwa mpangilio bora, kuliko walioambiwa watapewa mtihani, ingawa mwishowe hakuna aliyemfundisha mtu. Na mwaka 2020 Steve Graham na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 56 kuhusu kuandika kama njia ya kujifunza sayansi, hisabati na maarifa ya jamii. Kwa wastani kuandika kuliongeza kujifunza. Ongezeko lenyewe si la kustaajabisha, lakini lilionekana katika masomo yote matatu.

Ni haki kusema kwamba waliopimwa katika tafiti hizo ni wanafunzi, si watu walio kazini, na wala hawakuwa wakiandika blogu. Hata hivyo zinatuonyesha viungo vitatu ambavyo makala ya blogu huviunganisha mahali pamoja: kukumbuka bila kutazama kitabu, kujiandaa kumwelewesha mtu mwingine, na kupanga mawazo kwa maandishi. Mtaalamu ana haja kubwa zaidi ya viungo hivyo kuliko mwanafunzi, kwa sababu hana tena mtihani wa mwisho wa muhula wa kumwambia alipo. Donald Schön, mwanazuoni wa chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1983, *The Reflective Practitioner*, kwamba matatizo halisi ya kazi hayaji yakiwa yamepangwa kama maswali ya kitabuni. Huja yamechanganyika, na mtaalamu hukomaa kwa kufikiri anapotenda na kwa kurudi kufikiri juu ya alichokitenda. Kazi zetu nyingi hutupa nafasi tele ya kutenda, lakini ya kurudi na kufikiri ni finyu mno. Anayejipangia saa mbili za kuandika anaitengeneza nafasi hiyo kwa mkono wake.

Kwa nini hadharani

Mtu atauliza: kama faida imo katika kuandika, si daftari la mezani litatosha? Litasaidia sana, na asiyekuwa tayari kuchapisha na aanze nalo. Lakini daftari la siri husamehe mno. Humo mtu anaweza kuandika "nilifanya kama kawaida" akaridhika, kwa kuwa yeye anaijua hiyo kawaida. Msomaji asiyemjua haijui. Anapoandikiwa yeye, mwandishi hulazimika kueleza hatua zilizorukwa, kuhakiki kipimo cha mbolea au ukubwa wa waya alioutaja, na kutenganisha alichokiona mwenyewe na alichokisikia kwa wenzake. Kule kujua kwamba huenda mtu mwenye uzoefu zaidi akasoma na kusahihisha ni nidhamu ambayo haipatikani mtu akijiandikia mwenyewe. Na sahihisho likija, ni zawadi: penye wengi hapaharibiki neno.

Tuna mfano mzuri wa jinsi wengi wanavyoweza kulijenga neno moja. Mwezi Januari 2009 Timothy Gowers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyepata medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 1998, aliuliza kwenye blogu yake kama hisabati ngumu inaweza kufanywa hadharani na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akileta kipande kidogo cha wazo. Akaweka tatizo moja mezani. Walioitikia hawakuwa maprofesa watupu. Alikuwamo pia mwalimu wa sekondari. Waliandika mawazo yao yakiwa bado mabichi, wakakosoana na kurekebishana mbele ya watu. Katika wiki zisizozidi saba Gowers aliweza kutangaza kwamba tatizo limekaribia kabisa kutatuliwa, na baadaye matokeo yalichapishwa katika jarida la kitaalamu kwa jina la pamoja, D.H.J. Polymath. Katika tiba, madaktari wa dharura Mike Cadogan na Chris Nickson waliikuza blogu iitwayo Life in the Fast Lane wakiwa Australia, na kuanzia mwaka 2012 ikawa miongoni mwa nguzo za harakati ya kutoa elimu ya tiba bure mtandaoni. Daktari kijana aliye zamu ya usiku katika nchi nyingine kabisa aliweza kusoma jinsi wenzake wanavyokisoma kipimo cha moyo, bila kulipia jarida wala kusafiri kwenda kongamanoni.

Hapa ndipo blogu inapoziba pengo ambalo mifumo rasmi hailizibi peke yake. Wauguzi, madaktari na wahandisi wetu hudaiwa pointi za mafunzo endelevu ili waendelee kuwa na leseni. Walimu wa Tanzania wana mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowakutanisha katika jumuiya za kujifunza hapo hapo shuleni wajadili ugumu wa masomo yao. Ni mipango mizuri na inastahili kuungwa mkono. Lakini hebu tufikirie walimu wanane wa shule moja ya Tunduru wakiwa wamejadili kosa lile la sehemu na kupata njia iliyofanya kazi. Wenzao wa Kasulu wanaohangaika na kosa hilo hilo wiki hiyo hiyo hawatajua. Mmoja wa wale wanane akiiandika njia hiyo, akaeleza ilifaulu kwa nani na ilikwama wapi, mkutano wa watu wanane umekuwa mali ya walimu wote wanaosoma Kiswahili, na yeye mwenyewe ameielewa mara mbili.

Watu usiowajua

Faida ya tatu ni ya mahusiano. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala iliyopata kuwa maarufu kuhusu nguvu ya mahusiano ya mbali. Alipowauliza watu waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemfahamu ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo wakati ule, aligundua kuwa mmoja tu kati ya sita alimwona mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na watu waliokutana nao mara chache zaidi, baadhi yao kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: marafiki zetu wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi, wanasikia nafasi zile zile na hufikiri kwa njia zile zile. Jipya hutoka nje ya mzunguko. Mtaalamu aliye kituo cha afya cha pembezoni ana mzunguko mdogo kwa sababu ya mahali alipo, si kwa sababu ya uwezo wake, na maandishi yaliyo wazi hufika asikoweza kufika yeye.

Arusha ilishuhudia jambo hilo mwezi Juni 2007. William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyekatishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, alikuwa ameunda kinu cha upepo cha kufua umeme kutokana na vyuma chakavu na vipande vya baiskeli, akiongozwa na vitabu vya maktaba. Gazeti la nchini mwake liliandika habari zake mwaka 2006. Gazeti la karatasi lilisomwa Malawi. Lakini wanablogu walipoipandisha habari hiyo mtandaoni, ilimfikia Emeka Okafor, mwanablogu wa masuala ya ubunifu barani Afrika, ambaye ndiye aliyekuwa akiandaa kongamano la TEDGlobal mjini Arusha. Alimtafuta kijana huyo, akamwalika jukwaani, na kutoka hapo akafunguliwa njia ya kurudi shuleni na hatimaye chuo kikuu. Kinu kilikuwapo kabla ya blogu. Kilichokosekana ni maandishi yaliyoweza kupatikana na mtu sahihi.

Kenya nayo ina mfano wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilipozuka, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake wazo la ramani ambayo raia wangeweza kuripotia matukio ya vurugu. Walioitikia, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walikuwa tayari wakifahamiana kwa njia ya mtandao na maandishi yao. Katika siku chache za Januari 2008 mfumo huo, ulioitwa Ushahidi, ukawa hewani, na tangu hapo umetumika katika nchi nyingi duniani. Imani ya kufanya kazi pamoja kwa haraka kiasi hicho ilikuwa imejengwa makala baada ya makala, muda mrefu kabla ya dharura yenyewe. Barua ya kuomba kazi humtaja mtu kuwa ni mchapakazi anayependa kujifunza. Makala ishirini zenye tarehe humwacha msomaji aone mwenyewe.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza hutolewa kwa unyenyekevu: mimi si bingwa, nani atanisikiliza? Lakini bingwa ana udhaifu wake. Amesahau ugumu wa mwanzo, na huruka hatua ambazo kwake zimekuwa kama kupumua. Aliyejifunza jambo mwezi uliopita ndiye anayekumbuka lilimkwamisha wapi, na ndiye anayeweza kumwelekeza aliye hatua moja nyuma yake. Sharti ni ukweli. Mwandishi aseme ana uzoefu wa kiasi gani, amejaribu mara ngapi na ni kipi asichokijua. Fundi sanifu wa mwaka wa pili hapaswi kuandika kwa sauti ya mhandisi mkuu, na muuguzi anayeeleza alivyojifunza kupanga kazi za zamu hapaswi kugeuza makala yake kuwa cheti cha dawa kwa msomaji asiyemwona.

Pingamizi la pili ni muda, na hili ni la kweli. Mwalimu mwenye madaftari themanini ya kusahihisha na muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawana saa za kuchezea. Ndiyo maana kosa kubwa la wanaoanza ni kujiwekea ahadi ya kuandika kila siku. Makala moja ya maneno mia tano kila baada ya wiki mbili inatosha. Kwa mwaka ni makala 26 na maneno 13,000, yaani kijitabu kizima juu ya kazi yako mwenyewe. Gharama ya bando nayo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa: maneno mia tano ni kilobaiti chache tu, pungufu sana ya picha moja ya simu, na mtu anaweza kuandika simu ikiwa haina mtandao, akapandisha akifika penye mtandao. Zaidi ya hayo, muda huo haupotei. Mwalimu aliyekwisha kuandika kuhusu somo la sehemu hataliandaa upya mwakani kutoka mwanzo.

Pingamizi la tatu linastahili uzito zaidi kuliko yote: siri za kazi na sheria. Mgonjwa hakuja hospitali ili awe mfano kwenye makala, na mwanafunzi aliyefeli hakuomba kujadiliwa. Kuondoa jina peke yake hakutoshi, kwani katika mji mdogo umri, ugonjwa na tarehe vinatosha kumtambulisha mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote zinamgusa anayechapisha habari za watu. Kuna pia suala la leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kuomba leseni kwa ada ambazo kwa ujumla zilizidi shilingi milioni 2, na wengi waliacha kuandika. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo anayeanza leo aulize Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu masharti yanayotumika sasa kwa aina ya maudhui yake, na asome mkataba wake wa ajira. Naamini kwa dhati kwamba ada ya kiwango kile kwa mwalimu anayeeleza hisabati ni kodi juu ya kujifunza, na watunga kanuni wana wajibu wa kulitofautisha daftari la mtaalamu na chombo cha habari. Lakini hata panapokuwa na ugumu huo, mipaka hii inatuelekeza kwenye maandishi bora: andika kuhusu tatizo na njia ya kulitatua, si kuhusu mtu aliyelileta. Usimwandike mgonjwa, andika jinsi ya kupokezana zamu bila taarifa kupotea.

Pingamizi la nne husema kwamba zama za blogu zimepita, watu wako kwenye makundi ya WhatsApp na video fupi. Ni kweli wako huko, na makundi hayo yanafaa kwa swali la haraka. Lakini jibu zuri lililotolewa kwenye kundi asubuhi limefunikwa na mamia ya salamu na matangazo kufikia jioni, na aliye nje ya kundi hatalipata kamwe. Video huonyesha vizuri kazi ya mikono, ila ni vigumu kuitafuta kwa neno na ni vigumu kuirekebisha ukigundua kosa. Makala husahihishwa, huwekwa tarehe ya sahihisho, na hupatikana na mtu anayetafuta jibu miaka mitano baadaye. Hakuna haja ya kuchagua kimoja na kutupa kingine: andika kwenye blogu, kisha peleka kiungo kwenye kundi.

La tano ni jipya. Siku hizi akili mnemba huandika makala nzima kwa dakika moja. Kuna haja gani ya kujisumbua? Jibu linategemea tunachokitafuta. Kama lengo lingekuwa kuujaza mtandao maneno, basi kazi hiyo imekwisha kupata mashine. Lakini lengo tulilolijadili ni mabadiliko yanayotokea ndani ya mtu anapojilazimisha kueleza kazi yake, na mabadiliko hayo hayawezi kukabidhiwa kwa mwingine. Mashine inaweza kusaidia kukagua tahajia au kuuliza maswali ya mkosoaji. Haikuwapo darasani, haikuona mwanafunzi alivyosita kabla ya kuandika mbili ya tano. Kadiri maandishi ya jumla yanavyozidi kuwa rahisi kupatikana, ndivyo thamani ya aliyekuwapo na akaona inavyopanda.

Namna ya kuanza, na kwa lugha gani

Anayetaka kuanza asianze na jina la blogu, rangi wala nembo. Aanze na swali moja ambalo kazi yake ilimuuliza wiki hii: kwa nini pampu hii huziba kila masika, kwa nini wateja hukosea fomu ile ile, kwa nini miche ya kitalu ilinyauka baada ya kuhamishwa. Amfikirie msomaji mmoja tu, mwenzake aliyemtangulia kwa mwaka mmoja au anayemfuata, na amwandikie huyo. Aeleze kilichotokea, alichodhani ndiyo sababu, alichofanya, matokeo, na kinachobaki kuwa shaka. Akiacha mahali pa shaka wazi, atapata wa kumsaidia. Akijifanya amemaliza, hatapata. Aandike makala tatu kabla hajachapisha ya kwanza, ili ajue kama ana pumzi ya kuendelea. Atumie huduma ya bure kama Blogger au WordPress, na ahifadhi nakala ya kila makala mahali pengine, kwani huduma za bure zinaweza kufungwa. Aombe mwenzake mmoja asome kabla ya kuchapisha, hasa kama kuna namba, dozi au vipimo. Na akikosea, asifute kimyakimya. Arekebishe na aseme amerekebisha nini. Sahihisho la wazi hujenga imani kuliko makala isiyo na doa.

Kuhusu lugha, wengi watashawishika kuandika kwa Kiingereza ili wafike mbali. Anayetafuta wasomaji wa taaluma yake duniani anaweza kufanya hivyo, na pengine awe na blogu ya lugha mbili. Lakini Kiswahili ndicho ambacho fundi, mkunga na mkulima wa kanda hii hufanyia kazi, hata pale ambapo vitabu vyao vya chuo viliandikwa kwa Kiingereza. Anayeeleza kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza hupata jaribio la ziada la uelewa, maana hawezi kujificha nyuma ya istilahi alizozikariri. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lugha huwa ya kazi kweli pale watu wa kazi wanapoiandikia kazi zao: uhandisi, uuguzi, uhasibu, ufugaji. Maandishi hayo hayatatoka kwa wanaisimu peke yao.

Waajiri na mabaraza ya kitaaluma wana sehemu yao. Mtu akihudhuria semina ya siku mbili akasinzia, anapata pointi. Mtu akiandika mwaka mzima kuhusu makosa ya kazi yake na jinsi alivyoyarekebisha, mara nyingi hapati kitu. Uzani huo unafaa kurekebishwa, kwa kuweka utaratibu wa mwenzake wa taaluma kusoma maandishi hayo na kuthibitisha kwamba ni kazi ya kweli. Lakini mtaalamu hana sababu ya kusubiri utaratibu huo uje. Kipimo cha blogu yake si idadi ya waliobofya. Baada ya miezi sita ajiulize: kuna jambo gani ninalolifanya kazini leo kwa njia tofauti kwa sababu nililiandika? Kama lipo hata moja, na mwanafunzi, mgonjwa au mteja wake amelifaidi, blogu imefanya kazi iliyoanzishiwa. Kama halipo, tatizo haliko kwenye idadi ya wasomaji. Liko kwenye maswali anayojiuliza, na makala ijayo ndiyo nafasi ya kuuliza gumu zaidi.